Wavu Usio na Mwenyewe

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana aitwaye Sikujua alimpelekea babu yake chai mwaloni. Mwalo ni pale mitumbwi inapopandishwa mchangani, na mwalo wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, haujui uvivu. Jua likiwa bado halijapanda vizuri, akina mama wameshaanza kutandaza dagaa waitwao ndagala, waendesha baiskeli wanafunga madumu ya mawese kwa kamba za mpira, na wavuvi waliokesha ziwani wanabishana kuhusu samaki waliowaponyoka. Katikati ya kelele hizo Babu Mustafa huketi juu ya mkeka wake, miguu ameinyoosha, sindano ya mti mkononi, anashona nyavu za watu.

Zamani alikuwa mvuvi. Magoti yalipogoma alihamia kwenye kushona, na ilikuwa vigumu kupata mtumbwi pale mwaloni ambao wavu wake haukuwa na fundo lake mahali fulani. Sikujua alimpenda mno, ingawa hakuacha kumtania kwamba anakoroma mpaka kuku wanalalamika. Kazi ya msichana huyo ilikuwa kutengeneza maboya. Aliokota kandambili zilizochakaa, akazikata vipande vidogo, akavitoboa na kuvifunga kwenye kamba ya juu ili wavu uelee. Alizipenda za rangi ya buluu, na kila kipande alikikata pembe moja kiwe na alama yake. Hakuna aliyemtuma afanye hivyo. Aliona tu kwamba kinapendeza.

Jina lake lilikuwa na kisa. Siku aliyozaliwa, uchungu ulimshika mama yake akiwa sokoni. Wanawake wakamkaripia, kwa nini ametoka nyumbani na siku zimeshatimia? Akajibu, “Sikujua.” Mtoto akatoka na jina lake tayari. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limeshamchosha. Mwalimu mgeni akiuliza unaitwa nani, naye akijibu Sikujua, darasa zima lilivunjika mbavu kwa kicheko.

Babu Mustafa alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake. Wavu uliochakaa hauchomwi moto, wala hautupwi jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Wavu umelisha watoto, alisema, kwa hiyo unafungwa mawe, unasomewa bismillahi, na unarudishwa kwenye kina cha ziwa ukapumzike. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, na mzee hakuona sababu ya kubadili jambo jema.

Ndiyo maana jioni moja aliukunja wavu wake mwenyewe, ule wa nailoni aliouvulia miaka yake ya mwisho, ambao ulikuwa umetatuka hapa na pale. Aliufunga mawe, akaunuia mema, akamtwika mjukuu wake.

“Mupelekee Baba Scovia,” alimwambia. “Aushushe kwenye kina, kule maji iko nyeusi. Si hapa karibu.”

Baba Scovia ni Jean Bosco, mvuvi na jirani yao, na binti yake Scovia alikaa dawati moja na Sikujua tangu darasa la kwanza. Mtumbwi wake ulikuwa umeegeshwa mwisho kabisa wa mwalo, na wavu ulikuwa mzito. Sikujua alipofika nusu ya njia alisikia ngoma na honi za pikipiki: bibi harusi alikuwa analetwa mtaani. Scovia alimpungia mkono kwa mbali, akimhimiza awahi, kisha akakimbilia huko huko.

Karibu na hapo kijito kinaingia ziwani kati ya matete, na kuna gati bovu la mbao ambalo halitumiki tena. Sikujua alilitazama gati, akatazama upande wa ngoma, akapima mzigo kwa shingo. Ziwa ni ziwa, alijiambia. Akaenda mpaka ncha ya gati, akausukuma wavu majini, akauona unazama na kutoa mapovu. Kisha akakimbia harusini, na alicheza sana.

Usiku Babu alimuuliza kama wavu umekwenda salama.

“Umekwenda, Babu,” alijibu.

Na kweli ulikuwa umekwenda. Ulikokwenda ndiko hakukusema.

Zilipita wiki kadhaa. Shuleni walikuwa wakisoma Kiswahili na Mwalimu Zabroni, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi Rumonge akiwa mtu mzima. Alikipenda Kiswahili chake kinyooke. Mwanafunzi akisema “kitabu iko hapa,” mwalimu alishika kichwa kama mtu aliyekanyagwa kidole, na wengine walisema hivyo makusudi ili wamwone akishika kichwa.

Siku hiyo aliwasomea habari ya nyangumi. Aliwaambia kwamba nyangumi si samaki, ingawa anaishi baharini maisha yake yote. Huzaa mtoto, humnyonyesha, na huvuta pumzi kama sisi, kwa hiyo lazima apande juu kila baada ya muda. Wapo wakubwa kuliko nyumba, na bado watu wamewawinda hadi baadhi ya aina zake zikakaribia kwisha. Siku hizi nchi nyingi zimeacha kuwawinda, lakini binadamu anawaua bila hata kutaka. Meli zinawagonga. Taka za plastiki zinawajaa tumboni. Wengi wananaswa na nyavu.

“Mvuvi akipoteza wavu, au akiutupa, wavu haufi,” alisema Mwalimu Zabroni. “Unaendelea kuvua. Unavua usiku na mchana, na hauna mwenyewe wa kuja kuutegua. Nyangumi akinasa anauburuza mpaka anachoka, na asipoweza kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa maji.”

Scovia aliinua mkono. “Mwalimu, nyangumi anakufaje maji, na maji ni kwake?”

Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka, kisha akaeleza tena taratibu mpaka wakaelewa. Mvulana mmoja wa nyuma akasema kwamba habari hiyo ingewafaa watoto wa Mombasa, maana Tanganyika haina nyangumi. Mwalimu alikubali kwamba nyangumi hatunaye. “Lakini nyavu tunazo,” aliongeza, akaandika zoezi ubaoni. Sikujua alichora nyangumi aliyefanana na mukeke, samaki wa ziwa lao, mwenye kitambi, akapata alama nzuri, akasahau.

Kabla ya wiki kwisha, Jean Bosco alivunjika mkono.

Alikuwa anarudi alfajiri kutoka kuvua, akipita karibu na mlango wa kile kijito kama alivyopita miaka yote. Kiboko jike akaibuka bila kuonya, akaupiga mtumbwi kwa kichwa, ukapinduka. Wenzake waliokuwa nyuma walimwokoa kwa kupiga kelele na makasia. Alifika ufukweni akiwa hai, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, akapelekwa hospitali kwa pikipiki. Mtumbwi wake uliburutwa baadaye ukiwa na ubavu uliopasuka.

Viboko si wageni Rumonge. Jioni huonekana wakija kula majani kando ya mji, na watu wamezoea kuwapisha. Lakini huyu hakupisha mtu. Mchana kutwa alibaki pale pale kwenye mlango wa kijito, akizama na kuibuka, akimfukuza kila aliyesogea. Akina mama waliacha kufua pale. Watoto walikatazwa kuoga. Mwaloni mazungumzo yakawa ni hayo tu, na kila aliyesimulia aliongeza meno kidogo kwenye kinywa cha kiboko.

Kesho yake Scovia alikuja shule macho yamevimba. Alisema wanaume wa mwaloni wanataka yule mnyama apigwe risasi, na yeye anataka hivyo hivyo, tena leo. Sikujua alimshika bega na kumwambia kwamba hata yeye anataka. Alikuwa anasema kweli. Kwa wakati huo hakujua lolote.

Saa za mchana alitumwa kuchuma majani ya mbuzi. Alipita juu ya ukingo wa kijito, penye michikichi, mahali ambapo mtu anaweza kutazama matete kutoka juu bila hatari. Alitaka kumwona adui. Alimwona: mgongo mweusi, masikio mawili yanayochezacheza. Halafu akaona kitu kingine nyuma yake, ndani ya matete kabisa, kidogo kama ndama. Kilikuwa kinainua kichwa, kinavuta pumzi kwa shida, kinarudishwa chini. Kila kilipoinuka, mama yake alikisogelea na kukisukuma kwa pua.

Shingoni mwa mtoto wa kiboko palikuwa na kamba, na kwenye kamba palikuwa na vipande vya kandambili. Vilikuwa vya buluu. Kimoja kilikuwa kimegeukia juu, na Sikujua aliona pembe yake iliyokatwa.

Majani yalimponyoka mikononi. Wakati huo huo aliyaelewa mambo mawili, na yote mawili yalimchoma. Yule jike hakuwa na wazimu, alikuwa analinda mtoto. Na aliyemfunga mtoto huyo ni yeye, Sikujua, kwa sababu alikuwa anakimbilia ngoma.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Kama angesema kwamba mtoto wa kiboko amenaswa, wangeuliza wavu ni wa nani, na pale mwaloni hakuna asiyejua maboya yake. Wangemlaumu Babu. Nani angempa tena wavu wa kushona, mzee ambaye wavu wake umemvunja mtu mkono? Na Scovia? Je, ungekaa vipi dawati moja na mtu ambaye umemvunjia baba yake mkono kwa uvivu wako? Lakini kama angenyamaza, mama yule angepigwa risasi mbele ya mtoto wake, na mtoto angekufa maji pale pale kwenye matete. Aliusogeza ugali kando. Babu alimuuliza kama anaumwa, naye akasema kichwa.

Alasiri watu walikutana chini ya bati la soko la samaki. Alikuwapo Nestori, shefu, yaani mkuu, wa mwalo, mtu mnene mwenye sauti nene zaidi. Alikuwapo Vestine, mlinzi wa mazingira, aliyekuja kwa pikipiki kutoka msitu wa Kigwena akiwa na sare ya kijani na viatu vilivyojaa vumbi. Mwalimu Zabroni alikuja na wanafunzi wachache. Babu Mustafa aliletewa kiti. Hata Jean Bosco alifika, amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, ingawa mkewe alimkataza. Scovia alisimama kando yake na kumshikia koti.

Wavuvi walisema moja kwa moja walichotaka. “Huyu nyama iko mubaya, madame,” alisema mmoja wao. “Leo iko Jean Bosco, kesho iko mutoto wa mutu.”

Vestine aliwasikiliza hadi mwisho. Aliwaambia kwamba viboko wamebaki wachache na sheria inawalinda, ila yeye pia hawezi kuacha watu wauawe. Mnyama akiendelea hivi, kesho asubuhi ataomba askari waje na bunduki. Kisha akasema kuna jambo linalomsumbua. Kiboko hupenda kuzunguka. Huyu amekwama mahali pamoja tangu jana, kwa hiyo ipo sababu. Kuna aliyeona kitu?

Watu walitazamana. Sikujua alihisi mkono wake unapanda, utadhani si wake.

“Ana mtoto,” alisema. “Yuko ndani ya matete. Amenaswa na wavu, hawezi kutoka. Ndiyo maana mama yake hataki mtu asogee.”

Minong'ono ilipita chini ya bati. Vestine alimsogelea, akamuuliza wapi hasa, na wavu wa namna gani. Alijibu yote. Nestori naye akakunja uso, kwa sababu kutupa nyavu karibu na ufuko kulikuwa kumekatazwa na yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza katazo hilo.

“Nani alitupa wavu pale?” aliuliza.

“Sikujua,” alisema msichana.

Nestori alipunga mkono. Hakuwa mtu wa mtaa wao na hakulijua jina lake. “Bon, basi, mutoto hakujua. Tuendelee.”

Na wakaendelea. Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguka wenyewe. Sikujua alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsikia. Angeweza kukaa chini. Wavuvi walikuwa tayari wanazungumza kuhusu boti, na mtoto wa kiboko pengine angeokolewa hata hivyo, na wavu ungebaki hauna mwenyewe. Akamtazama Babu. Mzee alikuwa ameinua kichwa. Yeye alijua vizuri jina la mjukuu wake. Akamtazama Scovia, ambaye alikuwa anamtazama bila kupepesa. Sikujua aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

“Shefu,” alisema tena, kwa sauti iliyokwaruza. “Sikusema kwamba sijui. Nimesema jina langu. Sikujua ni mimi. Wavu niliutupa mimi.”

Sasa walimsikia. Alieleza jinsi alivyotumwa kwa Baba Scovia, jinsi alivyoona mzigo mzito na ngoma zinaita, na jinsi alivyomdanganya babu yake usiku ule. Machozi yalimtoka lakini hakuacha mpaka akamaliza. Hakuna aliyecheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo, chini ya bati la soko, mbele ya mkono uliofungwa plasta.

Babu Mustafa alisimama kwa kushika bega la mtu wa jirani. “Wavu iko yangu,” alisema. “Mimi nilimutuma. Nilisema uende ziwani. Mukitaka kulaumu, muanze na mimi.”

Watu wote waligeuka kumtazama Jean Bosco. Aliukuna ukingo wa plasta.

“Tutaongea,” alisema mwishowe. “Mutoto wa kiboko kwanza.”

Scovia aliliachia koti la baba yake, akaondoka peke yake.

Vestine hakupoteza muda, maana mwanga ulikuwa bado mzuri. Alitaka boti mbili za mota zikae kati ya mama na matete, zimsukumie nje kwa kelele za injini na madebe, bila kumgusa. Mtumbwi mmoja ungeingia upande wa kijito kukata wavu. Babu Mustafa akasema mtumbwi huo ataingia yeye, kwa sababu mafundo yale ni yake. Vestine aliyatazama magoti yake na kukataa. Mzee akamjibu kwa upole kwamba kwenye mtumbwi mtu hasimami, anakaa, na kukaa bado anaweza. Nestori akasema atampigia kasia mwenyewe.

Sikujua alibaki juu ya kingo pamoja na Mwalimu Zabroni na nusu ya mji. Aliona boti zikiingia, madebe yakipigwa. Kiboko alifungua kinywa na kuja mbele, boti moja ikarudi nyuma kwa haraka, watu wakapiga kelele. Vestine alikuwa kwenye boti hiyo, amesimama, anaonyesha kwa mkono: polepole, polepole. Mama alizama, akaibuka mbali kidogo. Akarudi tena. Wakamzuia tena.

Mtumbwi ulipenya kwenye matete. Babu alikuwa na kisu alichokifunga kwenye mwanzi mrefu. Hakukimbilia shingo. Kwanza alikata kamba ya chini, ile iliyofungwa mawe, kwa maana mawe ndiyo yaliyokuwa yanavuta wavu na kumkaba mnyama kila alipoinuka. Wavu ulilegea. Kisha akapata kitanzi cha shingoni, akaingiza ncha ya kisu chini yake, akavuta. Mtoto wa kiboko alirusha kichwa, mtumbwi ukayumba, Nestori akaanza kuomba kwa Kirundi. Babu akavuta mara nyingine, kamba ikakatika.

Mtoto alizama. Maji yalitulia. Sikujua aligundua kwamba na yeye ameishika pumzi yake. Ilichukua muda mrefu. Halafu mbali, nje ya boti, vikaibuka vichwa viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo kimekilalia. Vilielekea kusini, na havikurudi kwenye kijito.

Mwalimu Zabroni alishusha pumzi. Alimwambia Sikujua kwamba baharini mambo ndiyo hayo hayo. Wapo watu wanaotoka kwa boti kwenda kukata nyavu zilizowafunga nyangumi, tena kwa visu vya kufunga kwenye miti mirefu, lakini bahari ni pana na wengi hawaonekani na mtu yeyote. “Ndiyo maana kuutoa wavu majini ni bora kuliko kumtoa mnyama ndani ya wavu,” alisema.

Wavuvi waliuvuta wavu ufukweni, na huko ndiko Babu Mustafa alikopata pigo lake. Ndani yake walikuwamo samaki waliooza, na wengine waliobaki mifupa. Alikuwamo mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, mabawa yamefungwa. Na alikuwamo mukeke mmoja mkubwa aliyekuwa bado hai, anapigapiga mkia. Mzee aliushika uzi kati ya vidole, akauvuta. Haukukatika. Ulikuwa mzima vile vile.

“Baba yangu alikuwa na nyavu za pamba,” alisema, kama mtu anayejisemea. “Zile zilioza. Ukirudia mahali ulipoushusha, hukuti kitu. Hii ya nailoni mimi niliitupa ikapumzike, kumbe niliituma kazini.”

Alimuuliza Vestine ingekuwaje kama mjukuu wake angetii na wavu ukafika kwenye kina. Vestine hakumficha. Kiboko asingenaswa kule, alisema, na mkono wa Jean Bosco ungekuwa mzima. Ila samaki wangekufa hivyo hivyo, bila mtu kuwaona. Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Nyavu zake zote za zamani zilikuwa huko chini, na hakuna kisu kinachofika.

Hata hivyo hakukaa kujuta tu, maana majuto ni mjukuu, na yeye wa kwake alikuwa anamtosha. Kesho yake alimwomba Nestori kona ya mwalo. Mtu yeyote mwenye wavu uliochakaa aulete pale. Yeye na Sikujua wakaanza kuzikata vipande: vingine vikawa kamba za mbuzi, vingine uzio wa miche ya michikichi, vingine mabanda ya kuku. Wavuvi wengine walinung'unika mwanzoni, hasa wale wa desturi. Babu aliwajibu kwamba wavu uliolisha watoto utunzwe mpaka mwisho wake, na mwisho wake usiwe tumboni mwa ziwa. Kwa kuwa aliyesema ni yeye, walileta.

Kazi nyingine Sikujua alijipa mwenyewe. Nyumbani kwa Scovia hapakuwa na mtu wa kuchota maji, kwa sababu mama alishinda sokoni kuuza alichoweza na baba alikuwa na mkono mmoja. Kila alasiri alibeba ndoo mbili mpaka bombani, akazijaza, akaziweka mlangoni, akaondoka. Shuleni Scovia alikuwa amehamia dawati jingine. Alipita mbele yake kama anayepita mbele ya ukuta, na hilo lilimuuma Sikujua kuliko kuchapwa.

Siku moja Jean Bosco alimwona akiziinua ndoo tupu. Alikuwa amekaa kizingitini, mtumbwi wake uliokwisha kuzibwa umeegemezwa ukutani. Alimwita akae.

Sikujua alipiga goti. “Nisamehe, Baba Scovia.”

“Uliniumiza,” alisema Jean Bosco. “Siwezi kukudanganya. Ulichoka na mzigo kidogo, na mimi ndio nimeubeba mpaka leo.” Alimwacha aumeze ukweli huo, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. “Lakini nikuambie kitu. Pale hospitali nilimtukana yule kiboko, nikasema iko shetani. Kumbe alikuwa mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kama ungenyamaza, wangemuua, na mimi ningeshangilia. Mutoto wake angekufa. Na wavu ungebaki pale pale, unangoja mutoto wa mutu anayekwenda kuoga. Labda wa kwangu.”

Alijigusa plasta. “Mkono unaunga. Mtu akikosea, hawezi kurudisha siku nyuma. Anachoweza ni kusema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Wewe ulisema mara mbili, wakati mara moja ingetosha kukuponya. Hilo nalikumbuka pia.”

Sikujua alimshukuru kwa Kirundi, murakoze, kwa sauti ya chini, akazichukua ndoo zake. Alipoinuka alimwona Scovia amesimama nyuma ya mlango, na ilionekana alikuwa hapo tangu mwanzo. Scovia alitoka, akamnyang'anya ndoo moja, akatangulia njiani.

Bombani kulikuwa na foleni, nao wakasimama pamoja mpaka zamu yao ilipofika. Scovia alisogea pembeni, akampisha Sikujua ajaze kwanza.